Rambirambi zinafika, nauli ya kuhama haifiki

Najua nimepotea, kuna mpaka waliouliza kwa mama kama bado nipo Uingereza au nimehamia mwezini. Nipo, ni zamu za usiku tu ndizo zinanimeza. Sisi wabeba boksi wa wodini tukitoka asubuhi tunaona kitanda tu. Leo nimepata siku mbili za kupumzika, na nina jambo moja nimelibeba kifuani tangu mwaka 2024. Nitalisema kwa ukali kidogo, kwa hiyo wenye presha mkae chini kwanza.

Ni hivi. Sisi tumekuwa mabingwa wa kuchangia maafa yakishatokea. Mafuriko yakishabeba nyumba, picha zikishazunguka kwenye simu, hapo ndipo utaona ukarimu! Wa London katuma, wa Muscat katuma, mheshimiwa kaleta mablanketi na kamera, shirika limeleta mahindi. Lakini mtu huyohuyo umwombe hela wiki tatu kabla, wakati utabiri umeshatangazwa na mto umeshaanza kupanda, atakuona mchuro. Eti unaita balaa.

Kabla hamjanijibu, niwapeleke kidogo kazini kwangu.

Huku hospitalini mgonjwa mtu mzima aliyelazwa tunampima vitu sita: anapumua mara ngapi kwa dakika, ana oksijeni kiasi gani kwenye damu, presha, mapigo ya moyo, joto la mwili, na kama fahamu zake zimetulia. Kila kipimo kina alama zake, kuanzia 0 mpaka 3, na akiwa anasaidiwa na oksijeni ya mtungi unaongeza nyingine. Kisha unajumlisha. Utaratibu huu ulitolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari mwaka 2012 na ukarekebishwa 2017. Ikifika 5 unamwita daktari haraka. Ikifika 7 ni dharura, wanaitwa wataalamu wa wagonjwa mahututi, hata kama mgonjwa mwenyewe amekaa anakunywa chai na kukutania kuhusu mpira.

Sasa sikilizeni hapa ndipo penye utamu wake. Chukua mgonjwa anayepumua mara 22 kwa dakika: alama 2. Oksijeni 94: alama 1. Mapigo 112: alama 2. Joto 38.4: alama 1. Presha ya juu 108: alama 1. Kipimo kimoja kimoja hakitishi. Joto la 38.4 nani hajawahi kuwa nalo, umemeza panadol ukaenda shamba. Lakini jumlisha: ni 7. Huyo mtu yuko njiani kuondoka, na ukisubiri mpaka azimie ndipo uone ni dharura, umechelewa.

Na kingine: pale kwenye 7 hakuna kikao. Hakuna anayeniuliza, "Sista, una hakika atazidiwa?" Tulishakubaliana zamani, wakati hatuna mgonjwa mbele yetu, kwamba ikifika namba hii tunafanya hivi na anayeitwa ni fulani. Mara nyingine wanakuja mbio, wanamtazama, anapewa maji na dawa, asubuhi yuko salama. Hakuna aliyewahi kukatwa mshahara kwa sababu mgonjwa hakufa.

Haya, tutoke wodini twende Rufiji.

Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa ya mvua nyingi, El Nino ikiwemo. Mvua zikaja kweli. Desemba 3, 2023 tope na mawe yakashuka kutoka mlima Hanang, Katesh ikazikwa, watu zaidi ya 80 wakafa. Hiyo weka alama 2. Ardhi ikawa imeshashiba maji kabla masika hayajaanza: alama nyingine. Bwawa la Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, likajaa mpaka ikabidi maji yafunguliwe kuelekea kwetu bondeni. Wahandisi walieleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Sibishani nao, mimi si mhandisi, lakini maji yaliyofunguliwa ni maji, nayo yana alama yake. Wakati huohuo kipindupindu kilikuwa kimeshaingia mikoa kadhaa tangu mwishoni mwa 2023. Alama. Masika ya 2024 yakapiga. Alama. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu akaliambia Bunge kwamba waliokufa nchi nzima kwa mvua zile ni 155, majeruhi 236, na walioathirika zaidi ya 200,000. Na kabla watu hawajakauka, Mei 4 kimbunga Hidaya kikatua Mafia, barabara ya kwenda Lindi ikakatika kule Somanga.

Mnaona? Hakuna kilichokuja kwa kushtukiza. Kila kimoja kilikuwa na ofisi yake, mtaalamu wake na taarifa yake. Wa mvua alisema mvua, wa umeme alisema bwawa, wa afya alisema kipindupindu, wa kilimo alisema mpunga. Aliyekosekana ni nesi wa zamu wa kujumlisha! Na hata kama angekuwepo akapata 9, angempigia nani simu? Fungu gani lingefunguliwa siku hiyohiyo bila kusubiri maiti ya kwanza?

Niwakumbushe wazee wetu walivyokuwa. Mto Rufiji kufurika si habari mpya, ndiyo maana bibi zetu walijenga madungu na walijua kulima mlau maji yakishapungua. Walikuwa wanasoma mto. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali ikawahamishia watu juu, Operesheni Rufiji mnaikumbuka kwa kusimuliwa. Nyumba zikapanda juu lakini ardhi nzuri ilibaki chini, kwa hiyo watu wakaendelea kushuka kulima, na taratibu wengine wakarudi kuishi. Huwezi kumlaumu mtu kwa kufuata chakula chake. Lakini ukishajua watu wapo bondeni, unajua pia kwamba kila utabiri mbaya ukitoka kuna familia kadhaa zinahitaji nauli, gunia, mahali pa kufikia na mtu wa kulinda mbuzi. Si hotuba ya "wananchi wachukue tahadhari". Tahadhari inachukuliwa kwa mkono gani kama mfukoni hamna kitu?

Sasa nije kwetu, na hapa nitawaudhi baadhi yenu. Mwishoni mwa Machi 2024 niliandika kwenye kundi letu la ukoo nikiomba tumchangie shangazi ahame Muhoro aende kwa mwanawe Kibiti. Hela ya pikipiki, ya kubeba magodoro, na ya chakula cha mwezi mmoja ili asiwe mzigo kwa mkwewe. Mnajua jibu nililopata. Mtu mmoja, namheshimu na sitamtaja, akaandika: "Tutoe hela kwa mafuriko ambayo hayajaja?" Vikafuata vicheko, na mmoja akanitumia picha ya mganga mwenye tunguri, eti ndiye mimi. Nikatuma changu peke yangu, kikatosha nauli tu, na shangazi kwa haya zake akakataa kwenda kukaa kwa watu mikono mitupu.

Aprili maji yakaingia usiku. Akatolewa kwa mtumbwi, vidonge vyake vya sukari vikabaki ndani. Siku nne alitembea pekupeku kwenye maji yaliyochanganyika na vyoo, akachomwa na kitu unyayoni ambacho hata hakukisikia, maana sukari ya muda mrefu inaua hisia za miguu. Michango ya kundi ilikuja kwa wingi kweli, sikatai, na kila mtu alituma picha ya risiti. Ilifika siku ya tisa. Mwezi Juni mguu ukakatwa chini ya goti.

Nimefanya hesabu na mhazini anazo karatasi. Hela tuliyotumia kwa hospitali, magongo na nauli za kwenda na kurudi Dar ingemhamisha shangazi na majirani zake wote kwenye ule mstari wa nyumba, ikabaki. Lakini ile ilikuwa ya msiba, ya kuonekana. Hii ya kuhama haina picha. Mtu asiyekatwa mguu utampiga picha gani?

Msidhani ni ushamba wetu peke yetu, wakubwa wa dunia wana ugonjwa huohuo. Tazameni Somalia. Tangu Agosti 2010 wataalamu wa ukame walishaanza kuonya kwamba mvua zitakosekana. Njaa ikatangazwa rasmi Julai 20, 2011, na ni baada ya tangazo ndipo fedha zilipoanza kumiminika. Walipokuja kuhesabu, waliokufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012 walikuwa kama 258,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka 5. Wengi walishazikwa kabla neno "njaa" halijatamkwa kwenye mkutano wa waandishi wa habari. Mwaka 2017 ukame ulirudi, safari hiyo fedha zikawahi kidogo, njaa haikufika kule kwa 2011. Ukadhani wamejifunza? Misimu mitano ya mvua ikakosekana mfululizo kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022, na juu yake kuna nzige, kuna korona, kuna vita vyao wenyewe, halafu vita vya Ukraine vikapandisha bei ya ngano. Hapo hata mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza angejumlisha. Kwa mwaka 2022 pekee watafiti walikadiria vifo 43,000 vya ziada, nusu tena watoto wadogo. Safari hiyo njaa haikutangazwa rasmi. Kama ulikuwa unasubiri tangazo ndipo utoe hela, ungesubiri mpaka mwisho.

Mimi nimefanya kazi wodi ya watoto Dar kabla sijaja huku, na naomba mnisikilize kwenye hili. Mtoto mwenye utapiamlo mara nyingi haui njaa yenyewe. Anauawa na kuhara, surua, nimonia au malaria iliyomkuta hana akiba mwilini. Yaani balaa la pili ndilo linaloua, la kwanza limemwandaa. Ndiyo maana dawa ya kuhara, chanjo na maji safi vinatakiwa vifike kabla ya mahindi, au angalau pamoja nayo. Kipindupindu ni hivyohivyo: asiyetibiwa anaweza kufa kwa saa chache, lakini akiwahiwa kwa maji ya chumvi na sukari au dripu, hafi hata mmoja katika mia. Pakiti za chumvi ile ni bei ya pipi. Shida ni kwamba zikiwa bohari ya mkoa na barabara imekatika, hazina bei tena, hazipo.

Kuna wanaosema haiwezekani, sisi ni maskini. Sawa, twende Bangladesh, ambao hawana mafuta wala dhahabu ya kututambia. Novemba 1970 kimbunga kiliua kwao watu wasiopungua 300,000. Kwa usiku mmoja! Baada ya hapo wakajenga utaratibu wa watu wa kujitolea vijijini, leo ni zaidi ya 70,000, wanaopita na vipaza sauti na baiskeli, wanajua kila nyumba ina mzee yupi na mjamzito yupi. Mei 2020 kikaja kimbunga Amphan katikati ya korona. Balaa mbili kwa pamoja, na moja inasema kimbilieni kwenye jengo la pamoja, nyingine inasema msikusanyike. Wakaongeza maelfu ya majengo ya kukimbilia ili watu wasibanane, wakagawa barakoa, wakahamisha watu zaidi ya milioni 2. Waliokufa Bangladesh hawakufika 30.

Miezi miwili baadaye, Julai 2020, mto ulipotabiriwa kufurika, familia za bondeni zilitumiwa taka 4,500 kila moja kwa simu, kabla kilele cha mafuriko hakijafika. Hiyo ni kama dola 53. Watafiti walipokwenda kuuliza baadaye, waliopata hela ile walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 36 wa kushinda siku nzima bila kula wakati wa mafuriko, ukilinganisha na ambao hawakupata. Hela ya simu! Sisi ambao tunatumiana kwa simu mpaka hela ya chumvi tunashindwa nini?

Na kwetu tumeshaonja faida yake. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, Mamlaka ilitangaza mapema, ikarudia na kurudia, na boti za Dar na Unguja zikasimamishwa. Watu walilalamika, mizigo ikakwama, wapo walioahirisha harusi. Hakuna boti iliyozama imejaa watu. Nawapongeza bila kinyongo. Lakini kusimamisha boti kunahitaji amri tu. Kumhamisha shangazi kunahitaji hela, na hela ndiyo haitoki mapema. Duniani kote, mpaka juzi tu, fedha zilizopangwa kutolewa kabla ya maafa hazikuwa zinafika hata asilimia 1 ya fedha zote za misaada ya kibinadamu. Asilimia 99 zinasubiri picha, kama kundi letu tu.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia yote. La kwanza, "Na kama mafuriko yasipokuja?" Yasipokuja, shangazi atakuwa amekwenda kumtembelea mwanawe mwezi mmoja akacheza na wajukuu, na pakiti za chumvi zitakaa kabatini zikisubiri mwakani. Hiyo ndiyo hasara mnayoiogopa? Wapo watakaosema tukikosea mara tatu watu wataacha kutuamini. Hilo ni la kweli, silipuuzi. Ndiyo maana lazima mapema tuwaeleze watu kwamba utabiri si ahadi, na namba ya kuanzia tuipange kwa akili, tusimhamishe mtu kwa kila wingu.

La pili, "Ni mapenzi ya Mungu." Jamani. Sote tulikaa chuoni kwa maalim tukasimuliwa habari ya yule mwenye ngamia na alivyoambiwa amfunge kwanza. Sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo wakati anafunga mlango wake usiku kwa kufuli mbili.

La tatu ndilo linaniudhi zaidi: "Hiyo ni kazi ya serikali." Ni kazi yake, naam, na wala siifutii. Fungu la maafa lifunguliwe kwa utabiri, lisisubiri maiti. Kila wilaya ya bondeni iwe na mtu mmoja mwenye jina anayejumlisha alama na mwenye saini ya kutoa hela siku hiyohiyo. Ratiba ya kufungua maji bwawani imfikie mwenyekiti wa kitongoji, isiishie kwenye barua. Muulizeni diwani, muulizeni mbunge, mbele za watu, kabla ya masika na si baada. Lakini huku mkiwasubiri wakubwa, ukoo wetu una watu 11 wanaolipwa mishahara nje ya nchi, na una katiba yenye kurasa sita. Nimeisoma yote. Kuna kifungu cha sanda, cha usafiri wa jeneza, cha chakula cha waombolezaji siku tatu, mpaka cha nani akae gari la mbele. Cha kumwokoa mtu akiwa hai hakuna hata mstari.

Kwa hiyo nawakilisha hoja, na naomba ijadiliwe kwa hoja, siyo kwa picha za waganga. Kila aliye nje atoe kiasi kilekile anachotoa kwa msiba, mara moja kwa mwaka, mwezi Februari. Kikae kwa mhazini, kisiguswe. Tukubaliane alama zetu tatu: Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wa Pwani, maji yametangazwa kufunguliwa bwawani, na kuna kipindupindu au kuhara wilayani au jirani. Ikitimia moja, binamu yetu wa Utete apite kwa wazee watano tulionao bondeni, ahakikishe dawa za mwezi mzima zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki, na pakiti za chumvi zipo. Zikitimia mbili, hela inatumwa ndani ya saa 24 bila kikao, bila kura na bila picha, na wazee wanahama. Mwenye kutaka kubadilisha hizo alama aje na zake, mimi sing'ang'anii. Ninachong'ang'ania ni kwamba zipangwe sasa, jua likiwaka.

Kikao cha kundi ni Jumapili hii saa tatu usiku za kwenu. Mimi nitakuwa natoka zamu ya mchana, nitaingia nikiwa kwenye basi, mtanivumilia kelele. Shangazi naye atakuwepo kwenye simu, mwanawe atamshikia. Ameomba dakika tano za kuzungumza, na ameomba azungumze wa kwanza.